Mko Wangapi Hapo Nyumbani?

Magomeni, Mtwara
Jumapili, 12 Januari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Brian muda huu huu amechukua kandambili ya baba yake akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunywa, na nilipomuuliza akanijibu, "Inaoga." Mama, nimeshindwa hata kumchapa. Huku tunaoga mara tatu kwa siku, mtoto ameona kila kinachokwenda na miguu lazima kioge. Ana miaka miwili na nusu lakini akili yake ni ya mzee wa kijiji. Nimemwaga ndoo nzima nikachota nyingine, sasa nimekaa mlangoni nakuandikia, naye yuko pembeni ananitazama kwa jicho la kutafuta kosa jipya.

Tumefika salama, hii ni wiki ya pili. Gideoni ameanza kazi bandarini, anaendesha ile mashine ya kunyanyulia makontena. Anatoka alfajiri, anarudi amekolea jasho na furaha. Joto la huku silisimulii. Jasho linatoka hata ukiwa umekaa kimya unasali. Yale masweta matatu uliyomfumia Brian nimeyakunja yamekuwa mto wa kulalia, na ni mto mzuri.

Tumepanga vyumba viwili uani kwa Bibi Mwanahamisi. Yeye anakaa nyumba ya mbele na mjukuu wake Husna, msichana wa kidato cha tatu. Ni mjane, Mmakonde wa vijiji vya kule mtoni Ruvuma, na shamba analo huko mpaka leo, na bado analima mwenyewe.

Sasa huyu bibi, mama, sijamwelewa. Kila asubuhi namwendea vizuri kama ulivyonifundisha, nainama, "Shikamoo bibi, umeamkaje? Umelala salama?" Anaitikia marahaba, halafu anaangalia nyuma yangu, kama anamtafuta mtu mwingine. Juzi nimempelekea chai, nikamuuliza, "Bibi, wewe unatumia maziwa?" Akaingia ndani. Chai ikapoa mkononi mwangu. Majirani nao wananijibu kwa kifupi tu. Labda ni sisi kuwa wageni.

Maneno yako ya stendi sijayasahau. Nikifika Pasaka sijapata hata mtu mmoja ambaye nikipiga kelele atakuja, nifunge mizigo nirudi na Brian, na Gideoni awe anatufuata likizo. Nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Ila mama, mimi nataka kukaa na mume wangu. Nipe muda. Mtu mmoja hawezi kukosekana mji mzima.

Gideoni ananicheka, anasema watu wote wanatumiana ujumbe kwenye simu, sisi tunaandikiana barua kama wamisionari.

Mwanao,
Doris


Tandala, Makete
24 Januari 2025

Mwanangu Doris,

Marahaba. Barua imefika na basi, umeikunja mara nane kama dawa ya kienyeji. Karatasi nyingine usiikunje hivyo, macho yangu yanasoma na mikunjo.

Mwambie Gideoni aendelee kucheka. Simu nimempa mdogo wako Joshua ameenda nayo chuo cha ufundi, maana masikio yangu hayaishiki tena. Na hata ningekuwa nasikia, kwenye simu utaniambia "tuko salama mama" na mimi nitaamini. Kwenye karatasi nakuona. Ulipofika kwa huyo bibi herufi zako zimekuwa ndogo kama mtama.

Najua unaona nimekuwekea sharti gumu. Sijawahi kukueleza, sasa nakueleza mara moja na tusirudie. Nilipoolewa baba yako alinipeleka Kilombero kwenye mashamba ya miwa. Nilikaa miaka miwili, sikuwa na mtu, watu walinijibu kifupi hivyo hivyo. Dada yako wa kwanza alipopata degedege, mchana kweupe, nilisimama uani nikapiga kelele. Haukufunguka mlango hata mmoja. Wewe hukumjua dada yako kwa sababu hiyo. Sikuandikii ili ulie. Nakuandikia ujue kwa nini nahesabu watu.

Huyo bibi anayeangalia nyuma yako, msalimie lakini usimkimbilie na chai.

Huku mvua inatosha, viazi vimejaa, ukungu haujaondoka tangu Jumatano. Mbuzi amezaa pacha. Mmoja ni wa Brian, achague jina aniletee kwa barua.

Mama yako,
Rebeka


Magomeni, Mtwara
Jumapili, 9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma ya dada yangu. Nimeiweka moyoni, sitairudia, kama ulivyosema.

Brian amesema mbuzi aitwe Kontena.

Sasa mama, kaa vizuri nikupe ya huku, maana nimecheka mpaka machozi, na kabla ya kucheka nililia kwa aibu. Alhamisi Husna alikuja mlangoni, akaniambia, "Mama Brian, bibi wamesema kesho mchana watakuja kula kwenu."

Nikamuuliza, "Watakuja?"

"Eeh, wanakuja."

"Wote?"

Akanishangaa. "Sasa wabaki nusu?"

Nikajua bibi anakuja na ndugu zake wa kijijini. Nikasema moyoni, Doris, hii ndiyo nafasi. Nikaenda kwa Rozalia, tunaimba naye kwaya, nikaazima lile sufuria kubwa la kanisa. Nikanunua kuku wawili, na kwa sababu bibi ni Mwislamu nikampelekea Mustafa wa dukani anichinjie. Nikapika wali, kuku wa nazi, maharage, mchicha. Nikaazima mikeka miwili na vikombe kumi na viwili. Gideoni aliomba ruhusa akaja mchana, akaona sufuria, akaniuliza, "Tunabatiza?"

Saa saba bibi akaingia. Peke yake. Amevaa kanga mpya. Nikasimama mlangoni na birika la kunawia, nikawa nachungulia njiani.

"Unangoja nani?" akaniuliza.

"Nawangoja wenzako, bibi."

"Wenzangu akina nani?"

Husna akaja nyuma yake, akafunua sufuria, akaangalia mikeka, akaangalia vikombe. Mama, yule mtoto alikaa chini kabisa kwa kicheko. Ndipo akanieleza.

Huku mtu mzima hasemwi mmoja. Bibi akija peke yake wanasema bibi wamekuja. Akilala, wamelala. Ndiyo heshima yao. Na ukiongea naye husemi wewe, unasema nyie. Kumwambia mtu mzima "umeamkaje" ni kama unamwuliza mtoto aliyekojoa kitandani. Na mimi mwezi mzima, kila asubuhi, nimeinama vizuri, namtukana!

Bibi wenyewe wakasema, "Nangu," ndiyo mimi kwa Kimakonde, "nangu nilidhani huko kwenu baridi imewagandisha adabu. Kila siku unasema umeamkaje, nageuka nyuma nione ni ntoto gani anasalimiwa."

Nikapiga magoti pale pale na birika langu. "Bibi, nisameheni. Hamjambo? Mmeamkaje?"

Wakanitazama. "Saa saba mchana nimeamkaje? Pakua, njaa inaniuma."

Chakula hakikulala. Bibi walimtuma Husna aite uani kote, akaja Nasra wa chumba cha kona, akaja Mustafa, wakaja hata watu nisiowajua, wakala mpaka ukoko. Sasa nikipita njiani wananiita Mama Sufuria.

Na Brian amepata mke. Bibi wamemtania kama bibi wa kwetu wanavyotania wajukuu wa kiume, wamesema huyu ni mume wao na shemeji wote wakae mbali. Kila saa ni mume wao amekula, mume wao amelala. Naye anajibu "naam" kama mtu mwenye nyumba.

Nimejiapiza kuanzia leo nitawasema bibi kwa wingi kila mahali, hata kwenye barua, ili ulimi usinisaliti tena. Barua hii nampa Rozalia, anasafiri kwenda kwao Njombe keshokutwa, atakufikishia haraka kuliko basi.

Mwanao anayecheka,
Doris


Magomeni, Mtwara
Jumapili, 2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ya tarehe tisa natumaini umeisoma ukacheka, kwa hiyo naendelea tulipoishia.

Maisha yamebadilika, mama. Bibi siku hizi hawapigi hodi, wanaingia tu. Asubuhi Gideoni bado anafunga vifungo, wao wameshakaa kitandani wanapiga stori. Wanamtania mpaka anachelewa kazini. Mimi wananifundisha kupika samaki kwa nazi na ugali wa muhogo, wanasema mkono wangu ulikuwa wa viazi, sasa unaanza kuwa wa mtu. Mume wao wamemnunulia shati jekundu, wamesema hawataki atembee kifua wazi wanawake wa mtaani wakamwona. Jana wamemlisha kwa mkono wao wenyewe, mimi nimekaa pembeni nacheka.

Nilipokuwa kwaya juzi nimerudi nimekuta wamepika, wamefagia, wamelala kitandani kwangu na mume wao, feni inawapepea. Nikawafunikia shuka.

Jumamosi iliyopita wametupeleka shambani kwao Kilambo. Ukisimama kwenye mpunga unaona Ruvuma yenyewe, pana, na ng'ambo ni Msumbiji. Wanasema ukishuka chini zaidi maji yanaanza chumvi, mto unaonja bahari kabla ya kuingia. Brian aliona kiboko, akamwamkia shikamoo. Bibi wakasema hapo sasa mtoto amefundwa.

Leo Ramadhani imeanza na bibi wamefunga. Gideoni ni Mlutheri lakini jioni anakaa uani anaingoja adhana kuliko waliofunga, kwa ajili ya ile futari.

Brian majuzi hakuwa mchangamfu sana, lakini sasa anakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Mama, naona Pasaka itanikuta nina watu. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mwanao,
Doris


Tandala, Makete
11 Machi 2025

Doris,

Mko wangapi hapo nyumbani?

Unaniandikia "ya tarehe tisa". Sikupata ya tarehe tisa. Ya mwezi wa kwanza nilipata, na humo bibi alikuwa mmoja, tena hakutaka chai yako. Sasa nasoma bibi wameingia bila hodi. Bibi wamekaa kitandani mume wako anavaa. Ni bibi gani hao, wa umri gani? Maana baba yako alipokuwa hai akisema "bibi yangu" watu walijua ananitaja mimi.

Nimesoma mara tatu. Mara ya nne nimempa mjomba wako Mathayo asome kwa sauti karibu na sikio langu, nikidhani ni macho yangu yananidanganya. Amesoma mpaka pale "mume wao" akavua kofia. Akasoma shati jekundu, akakaa. Alipofika kwenye feni akaomba maji.

Na wewe unawafunika shuka! Nimekuzaa mimi? Unaandika una furaha hujui uiweke wapi. Mimi najua pa kuiweka. Mwanamke anayefurahia hayo amelishwa kitu, na wanaokulisha umenitajia mwenyewe, samaki wa nazi.

Sasa nisikilize. Pasaka siingoji tena. Nauza madebe ya viazi nakuja, na Mathayo anakuja na mimi kwa sababu ana mabega na ana sauti. Funga mizigo yako na ya mtoto. Gideoni abaki na bibi zake wampepee.

Nilimpenda yule kijana. Alikuwa ananichotea maji bila kuambiwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama yako,
Rebeka


Magomeni, Mtwara
19 Machi 2025

Kwa mama mzazi wa Mama Brian, Tandala.

Shikamooni.

Mimi ni Husna, mjukuu wa Bibi Mwanahamisi. Barua yenu imefika jana. Mama Brian amelia, bibi wakauliza analia nini, akanipa mimi niwasomee. Bibi wamesikiliza mpaka mwisho. Halafu wamecheka mpaka wakashika ukuta, na wakati huo wamefunga. Sasa wamesema wao waseme mimi niandike, nisipunguze neno wala kunyoosha.

Mama, hamjambo? Nangu Mwanahamisi. Nyie mama mmeuliza tuko wangapi. Niko mmoja. Nina miaka sabini na moja, na meno ya mbele sina. Huku kwetu mtu mzima tunamsema wengi kwa heshima, na binti yenu amejifunza vizuri mno, amewajaza bibi nyumba nzima.

Mkwe wenu simtaki. Anakoroma, namsikia mpaka chumba cha mbele. Mume wangu ni Brian. Shati jekundu ni la kwake, likikauka nitawatumia mpime kama linamwingia mkwe wenu hata mkono mmoja.

Jambo lingine binti yenu amewaficha. Nangu siwafichi, maana nyie ni wazazi. Mwezi wa pili mume wangu alishikwa na homa kali. Saa nane mchana, baba yake yuko bandarini. Binti yenu alitoka uani akaita. Hakuita jina, aliita tu. Nilikuwa nakuna nazi. Nikaacha mbuzi na nazi yake hapo hapo, nikamfunga ntoto mgongoni, nikaenda naye zahanati, binti yenu nyuma yangu hana viatu, na Nasra nyuma yake ameshika viatu. Ilikuwa malaria. Akapewa dawa, siku ya tatu akaniomba muwa. Nikajua amepona.

Mnataka kuwachukua. Ni wenu, sina nguvu ya kuwazuia. Ila nangu nimewazoea, na nimezeeka, kuzoea wengine siwezi tena. Njooni muone kwa macho yenu. Kitanda kipo.

Hapo ndipo bibi walipoishia. Wamesema nisiandike kwamba wamefuta macho, kwa hiyo sijaandika.

Husna

Mama, ni mimi Doris, naandika hapa pembeni palipobaki. Ile barua ambayo hukuipata ndiyo ilikuwa na maelezo yote. Nilimpa Rozalia wa kwaya. Nisamehe ya homa. Nilianza kuiandika mara mbili, kila nikifika "akashikwa na homa" namkumbuka dada, nachana.


Tandala, Makete
30 Machi 2025

Mwanangu Doris,

Barua mbili zimefika wiki moja. Ya huyo bibi imekuja na basi. Ya tarehe tisa imeletwa na huyo Rozalia mwenyewe, amepanda mpaka huku na pikipiki, anaona aibu. Alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia yake ili isipotee. Sasa kama imekaa humo wiki sita bila kuonekana, mwambie kiongozi wa kwaya amwombee.

Nimesoma habari ya sufuria. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Mathayo akaja kuuliza kama nina mgeni. Naye nikampa asome. Amevaa kofia yake tena. Anamwomba Gideoni radhi, na mimi pia namwomba, lakini usimwambie kwa maneno mengi.

Bibi alipoandika "nyie mama, hamjambo", niligeuka nyuma.

Sasa la homa. Nimekasirika, Doris. Nimekasirika na nimekaa na hasira hiyo siku mbili, na chini yake nimekuta kitu kingine, ile mbuzi ya nazi iliyoachwa uani. Naiona. Mwanamke wa miaka sabini na moja ameacha nazi nusu. Laiti kule Kilombero ningepata mmoja wa namna hiyo.

Lakini wewe umenificha. Aliyeficha homa anaweza kuficha na njaa, na kipigo, na upweke, akaniandikia juu ya viboko. Na bibi anaweza kuwa mtu wa barua tu. Siwezi kuamua kwa karatasi, na unajua ni mimi niliyekuwa nazisifu karatasi.

Kwa hiyo nakuja, kabla ya Pasaka. Siku sisemi, nataka niwakute mlivyo. Ukiniona na Mathayo, ujue bado nina shaka na nimekuja kuwachukua, usibishane nami mbele za watu. Ukiniona peke yangu, nimekuja kula Pasaka.

Kontena anaruka ukuta. Ni mbuzi mbaya.

Mama yako,
Rebeka


Magomeni, Mtwara
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama barua hii itakukuta Tandala au mtapishana njiani, lakini naiandika hivyo hivyo, maana kuna maneno nikiyasubiri mdomoni nitayameza.

Kwanza, sijaficha kingine. Nimekaa nikajipekua kama mtu anayetafuta sindano. Njaa hakuna. Kipigo hakuna, Gideoni hata kunguni anamwonea huruma. Upweke ulikuwepo, mwezi wa kwanza wote. Nilikuwa namwamsha Brian usingizini mchana ili nipate wa kuongea naye. Hilo sikukuandikia. Sasa nimekuandikia.

Pili, bibi si wa barua tu. Tangu wasikie unakuja wamenihangaisha. Wamepaka chokaa chumba cha mgeni wenyewe, Husna ameshika ngazi anatetemeka. Wananiuliza mama yenu wanakula pweza? Nikasema mama hajawahi kumwona. Wakasema, "Basi tusiwaanze na pweza, tutawatisha. Tuwaanze na samaki mwenye sura." Na bado wanarudia ile ya feni. Kila mgeni akija lazima wamsimulie vile mjomba Mathayo alivyoomba maji.

Tatu, mama, nimejifunza kitu juu ya hesabu yako. Ulinituma nitafute mtu ambaye nikipiga kelele atakuja. Jumanne iliyopita Nasra alipiga kelele bafuni. Nilikuwa nakanda unga. Sikufikiri, nilijikuta nimeshafika, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, nimeshika mwiko. Ilikuwa kenge mdogo amekaa juu ya sabuni. Mustafa alikuja wa pili, na bibi wakaja wa tatu na panga. Tukamfukuza yule kenge mpaka barabarani, watoto wote nyuma yetu wanashangilia. Nasra akaniambia, "Mama Brian, umefika kabla sijamaliza kupiga kelele." Nimelala na maneno hayo siku nne. Nilikuwa nahesabu nani atakuja kwangu, kumbe na mimi nimeshahesabiwa na mtu.

Ndiyo maana nakuandikia, mama, kwa adabu zote lakini kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi nataka kubaki. Si kwa sababu ya Gideoni peke yake, hata angekuwa safarini ningependa nibaki hapa. Ukija na mjomba Mathayo sitabishana na wewe mbele za watu, nitampa mjomba maji ya kuoga na chakula. Ila mizigo sijafunga. Nimeona uijue hali hiyo kabla hujapanda basi, usije ukasema nimekuficha tena. Nitakuomba ukae japo wiki moja, uwaone watu wangu mmoja mmoja, halafu kama bado una shaka

Ngoja mama, Husna anaita kutoka nje. Anaita kwa nguvu, "Mama Brian! Mama Brian, mama yenu wamefika!"

Mama! Kalamu inaruka. Wamefika! Nimemwuliza kwa dirisha, "Wangapi?" na yule mtoto ananicheka tu, anasema bibi wameshawashika mkono, hawataki kuwaachia. Nimemwuliza tena, "Husna, wako wangapi, kuna mwanaume mwenye kofia?" Brian ameshatoka mbio bila suruali. Husna anasema hakuna kofia, anasema wako peke yao na kapu lao na wananiita nije kuwapokea, na mimi nimekaa hapa naandika kama mjinga, nakuja mama, nakuja, karibuni, mmekuja peke